Dole la Ijumaa kwenye Mkwaju wa Kadhi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, vita vingali vikirindima ng'ambo, nami ndiyo kwanza nimehitimu shule ya usiku hapa Changamwe. Kichwa kilinivimba hata Mombasa nzima haikupatikana kofia ya kunienea! Lakini sikuwa na ndugu wala jamaa. Kila Ijumaa nilikwenda kwa miguu hadi Jomvu Kuu, kwenye Mkwaju wa Kadhi, ambao wazee walisema kesi zilikatwa chini yake kabla reli haijaja.

Ndani ya pango la mkwaju ule mlikuwa na mkebe wa biskuti. Aliuficha kijana wa pale, Salimu, kabla hajakwenda vitani, akatia daftari na wino. Ukiuona, wagonga muhuri wako, waandika neno, waurudisha. Wengine walichonga mihuri ya vifuu. Mimi nilichonga simba kwenye kisigino cha kiatu. Wallahi alinguruma, ingawa watu walisema ni mbuzi. Kusoma maneno ya wapita njia ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu ya juma zima.

Basi, kurasa nyingi zilikuwa na alama ya dole gumba. Dole lile lile, bila neno. Nikacheka peke yangu: "Huyu naye! Atumalizia karatasi." Nikazichana kurasa zake zote, nikajaza zilizobaki mashairi ya kujisifu. Ijumaa ya pili dole likaja tena, pembeni kabisa mwa ukurasa. Nalo nikalichana. Kisha halikuja tena.

Vita vilipokwisha nilimkuta askari ameketi mkwajuni, daftari pajani, akilifunua mbele na nyuma.

"Ndugu, mwenye mbuzi huyu wamjua?"

"Ni simba," nikasema. "Ni wangu."

"Mimi ndiye Salimu. Mamangu hakujua kusoma. Tuliagana kila Ijumaa atie dole lake humu, nikirudi nijue hakuacha kuniombea. Nimemkuta kaburini. Na humu hamna hata moja. Alinisahau?"

Ningeweza kunyamaza, mwanangu.

"Hakukusahau. Alikuja. Kurasa zake nilizichana mimi."

Akalifunga daftari. "Yalikuwa madole mangapi?"

Mimi, hodari wa kutia chumvi hata kwenye asali, siku hiyo sikuthubutu kutaja idadi. "Sikuyahesabu."

Akanipa mkebe, akaenda zake. Hakurudi tena pale.

Usilolijua ni usiku wa kiza, walisema wahenga. Nami shule yote ile ya usiku haikunimulikia. Mwanangu, alama usiyoweza kuisoma usiichane. Huenda ndiyo barua pekee ya mtu, na mwenyewe yu njiani. Na ukikosa, kiri, hata kama kukiri kutakuacha peke yako.

Mkwaju ungalipo. Mkebe niliurudisha pangoni, na kila Ijumaa natia dole langu daftarini, mimi nijuaye kuandika, wala simjui atakayelitazama. Mola akupe umri, na siku utakayorudi kwenu, ukute alama ya aliyekungoja.