Gereza la Konokono la Afande Yekosofati

Afande Yekosofati alistaafu kazi ya magereza akanunua kishamba Budondo, huku Jinja, jirani na kwangu. Kazi yenyewe haikumwacha. Mwaka huu alipanda kabichi za harusi ya bintiye Daphine, iliyopangwa Namatala, Mbale. Aliwatangazia wakwe kwamba hawatanunua kabichi hata moja. Nadhani konokono nao walisikia.

Mtu mwingine angewaponda. Afande alisema mfungwa hauawi bila amri. Alilaza mbao kati ya matuta, akazimwagia maji ili wajifiche chini yake: upande mmoja konokono, "wenye sare", upande wa pili koa, wale wasio na gamba, "watoro waliotupa sare". Usiku hakuweka mlinzi. Asubuhi alifunua mbao na kuwahesabu.

"Wametimia!" aliniambia kwa fahari. "Tena wameongezeka. Hiyo ndiyo nidhamu, bwana."

Matundu kwenye kabichi aliwasingizia panzi.

Daphine, mwalimu wa biolojia, alikuja kukagua chakula cha harusi yake. Alifunua ubao, akashika kiuno.

"Baba, umewajengea hoteli."

"Selo."

"Na koa hakutupa gamba jana. Mababu zake walikuwa konokono. Gamba lilipungua kizazi baada ya kizazi mpaka likaisha. Wala si ukoo mmoja; ni koo nyingi, kila moja kwa njia yake."

"Koo nyingi zitupe sare bila kuambiana?" Afande alitikisa kichwa. "Hiyo ni njama."

"Na huyu mwenye kigamba kisichomtosha?"

"Yuko likizo."

"Baba, wageni watakula nini?"

Jioni Afande aliondoa mbao mwenyewe, akawabeba wafungwa kwa ndoo hadi bondeni. Aliuita msamaha wa sikukuu.

Kabichi zilizosalia tulizipeleka Mbale. Nandutu, shangazi wa bwana harusi, alipasua ya kwanza mbele ya wakwe wote. Koa mnene akachomoza.

"Afande," alisema Nandutu, "huyu naye umemwalika?"

Daphine alifunika uso. Afande aliinama, akamkagua mgeni kutoka pembe hadi mkia.

"Huyo? Amepata uhamisho."

Nandutu alicheka mpaka kisu kikamtoka. Kabichi zikakatwakatwa, majani yenye matundu yakatupwa, zikatosha meza ya wakwe. Sisi wa Jinja tulikula maharage.