Siku Wadi Uliposhuka

Mwezi uliopita nilimchukua binti yangu kumwonesha kijiji nilichokulia, huko milimani nyuma ya Ibra, Omani. Lami sasa imefika mpaka mlangoni mwa msikiti. Yeye alikuwa anasinzia kwa raha zake. Mimi nilikuwa nimeubana usukani, na sikujijua mpaka vidole vilipoanza kuniuma.

Nikueleze, maana pengine wewe umekulia mjini. Kijiji chetu kilikuwa na nyumba chache tu zilizoegemea mlima, na mitende chini yake. Kwenda skuli, dukani au hospitali, lazima ukate wadi, bonde la mawe makavu ambalo mvua ikinyesha juu hugeuka mto kwa ghafla; hapo ndipo tunasema wadi umeshuka. Gari lilikuwa moja tu, pikapu ya jirani. Baba alifanya kazi Maskati, akija mwisho wa wiki. Nyumbani tulibaki mimi, mama na bibi, aliyerudi kutoka Unguja na Kiswahili chake. Bibi alipika mkate wa kumimina huku akitazama mawingu. Harufu ya iliki mpaka leo hunitia wasiwasi.

Siku hiyo mama alikuwa anakata majani ya mbuzi shambani, nyoka akamuuma mguuni. Alirudi akitembea taratibu, hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Kamwite jirani." Nilipomtazama, fizi zake zilikuwa zinatoka damu kwa ile sumu.

Jirani alitupakia sote kwenye pikapu. Kabla hatujaufikia wadi, tuliusikia. Mvua haikunyesha kwetu hata tone, lakini mlimani ilinyesha, na maji mekundu yalikuwa yakipita na matawi na mawe. Jirani alishuka, akatia fimbo majini, fimbo ikachukuliwa.

"Mama, gari hili halipiti," alimwambia bibi. "Litatuchukua sote."

"Na tukingoja, mwanangu?"

Mama alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa bibi, nami nikimpepea kwa kanga, kwa sababu sikujua la kufanya.

Ng'ambo ya pili lilikuwapo greda, lile tingatinga refu la kusawazisha njia ya vumbi, limesimama kwa sababu ya maji. Jirani alivua kilemba chake, akakipunga na kuita mpaka sauti ikamkauka. Dereva alitutazama kwa muda. Kisha alishusha lile bamba la chuma mbele yake, akaligonga chini kama anayejaribu kina, akalinyanyua tena, akaingia. Maji yalifika juu ya magurudumu. Bibi alikuwa akisoma Ayatul-Kursiy, akifika katikati anasahau, anaanza upya.

Greda lilipotufikia, walimpandisha mama kule juu, jirani akamshikilia. Nafasi nyengine haikuwapo. "Bibi yako usimwache," mama aliniambia. Nikalitazama greda likirudi majini, likiyumba, mpaka likapanda ng'ambo na kupotea.

Kisha hakuna habari. Simu haikuwapo kijijini. Wadi uliendelea kushuka kwa kishindo, nasi tukakaa karibu yake, mimi na bibi, majirani wakituletea chai tusiyoinywa. Kila mtu alisema inshaallah, na hakuna aliyenitazama usoni.

Kesho yake maji yalipopungua, jirani alirudi kwa miguu, suruali imelowa mpaka mapajani. Alisema kwanza, kabla ya salamu, "Yuko hai." Bibi aliketi chini palepale mchangani, akalia kwa mara ya kwanza.

Mama alipona, ila mguu ule haukurudi kama zamani. Njia ya lami ilijengwa miaka mingi baadaye, na daraja lake. Lakini kufikia hapo tulishahamia mjini, na wenzetu wakafuata, nyumba baada ya nyumba, kila mmoja akikimbilia karibu na hospitali na skuli.

Siku ile na binti yangu tulimkuta mtu mmoja tu, mfanyakazi kutoka Bangladesh anayemwagilia mitende ya wenyewe walioondoka. Alitukaribisha tende na maji baridi, akatandika mkeka. Kisha akatuuliza, kwa adabu kabisa, tumekuja kumtafuta nani.