Spana Iliyobaki Mkobani

Mdomo wangu watu wa Murukulazo wanaujua. Nimegombana na madalali wa maharage mpaka wakaniachia mizani niishike mwenyewe, na mwenyekiti wa kitongoji akiniona mkutanoni hukaa sawa kabla sijanyoosha mkono. Kwa hiyo nikisema kwamba siku niliyotakiwa kusema kuliko zote nilinyamaza, wengine hudhani natafuta kuhurumiwa. Sitafuti. Nilinyamaza, basi.

Binti yangu alikuwa na selimundu. Asiyeijua aombe asiijue. Mtoto anacheza rede asubuhi, mchana mifupa inamuuma mpaka analia bila sauti, na damu ikipungua asipowahi hospitali kuongezewa, anaondoka. Usafiri wetu ulikuwa bodaboda, na kila shimo la barabarani alilisikia kwenye mifupa. Alikuwa na miaka minane. Alizoea kuning'ata bega ili asipige kelele, nami nikioga nilikuta alama za meno yake. Baba yake alishafariki. Nikauza ng'ombe wawili na maharage ya misimu mitatu, nikasema nitanunua gari, hata liwe limezeeka, mradi lipande vilima vyetu kwenye matope na mtoto alale kwenye kiti.

Fundi mmoja wa Nyakanazi, mteja wangu wa maharage, ndiye aliyenielekeza. Kulikuwa na mkonga unauzwa Runazi, lile gari la zamani aina ya jipu lenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Akanieleza mambo ya kuangalia, nikayaandika nyuma ya daftari la binti yangu. Fika mapema, weka kiganja kwenye boneti, iwe ya baridi, maana injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wake. Moshi wa bluu, gari linakunywa oili. Moshi mweupe usioisha, maji yanaingia kwenye injini. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta kitu cheupe kama uji, geuza urudi kwenu. Ingiza gia ndogo, hakikisha magurudumu yote manne yanavuta. Mwisho akapekua sanduku lake, akanipa spana moja nzito.

"Hii ni ya chesisi," akasema. "Ile mihimili miwili ya chuma iliyobeba gari zima. Lala chali, ingia chini, gonga kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza hakijibu. Hayo mengine ukikosea tutatengeneza. Hili usikosee, mama."

"Kwa nini usije wewe?"

"Nitakuja. Nitajie siku tu."

Hakuja, kwa sababu baba mkwe wangu alikataa. Kwetu mkamwana mjane haendi peke yake kununua kitu kikubwa, mzee wa ukoo ndiye anayetangulia. Na huyu mzee alikuwa na sababu ya ziada. "Nimeendesha gari la misheni miaka kumi na moja," akaniambia. "Leo mtoto wa Nyakanazi aje kuniangalizia mali ya mjukuu wangu?" Nikasema sawa, baba.

Tatizo ni kwamba baba alikuwa haoni. Hakuwa kipofu wa kushikwa mkono, njia za shambani alizijua kwa miguu. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Chai aliimimina pembeni ya kikombe. Watu aliwajua kwa sauti, na asiyemsalimia alimpita kama anapita mgomba. Msimu mmoja alipalilia akang'oa mistari miwili ya maharage pamoja na magugu, nami kesho yake mapema nikapanda upya ili asijue. Nyumba nzima tulijua, hakuna aliyesema. Tuliona ndiyo heshima.

Tulifika Runazi jua limeshapanda. Mwenye gari alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu. Akamwamkia baba shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatuletea viti. Nikaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto.

"Nimetoka kumpeleka jirani zahanati," akasema kabla sijauliza.

"Tungesubiri ipoe," nikasema.

"Gari linalopeleka wagonjwa ndilo tunalolitaka," baba akajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Liliwaka mara moja. Moshi ulikuwa mwembamba, wa kawaida. Kifuniko cha oili kilikuwa safi. Mwenyewe akaingiza gia ndogo, akalishusha kwenye bonde lenye tope nyuma ya muhogo wake, nalo likapanda kwa magurudumu yote manne bila kuhangaika. Nilifurahi, siwezi kukana. Nikafungua mlango wa nyuma, nikapima kiti kwa mkono wangu. Binti yangu angelala amejinyoosha na nafasi ingebaki.

Kukabaki chini ya gari. Spana ilikuwa mkobani, nimeishika. Lakini mkamwana halali chini mbele ya baba mkwe wake. Hakai kwenye kiti chake, hataji jina lake, sembuse kulala chali na gauni huku miguu imetokeza chini ya gari. Ningeweza kumwomba mwenye nyumba ampeleke mzee ndani akanywe maji. Ningeweza kusema turudi kesho na fundi. Nimeyafikiria yote hayo baadaye, na yote yalikuwa mepesi.

"Baba," nikasema, "fundi alisema chini nako kuangaliwe."

Akamkabidhi mwenye gari fimbo yake, akapiga goti moja, akainama, akaweka kiganja juu ya macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, na pale niliposimama nilinusa lami. Lami mbichi. Hakuna mtu anayepaka gari kuukuu lami mpya tumboni ila ana cha kufunika.

"Peusi, pasafi," baba akasema akiinuka. "Mwenye gari hili analitunza."

Nikamtazama muuzaji, naye akanitazama. Alijua kwamba nimenusa. Nadhani alishajua pia kwamba mzee haoni. Yeye ndiye aliyeangalia chini kwanza. Wahenga walisema heshima si utumwa, lakini siku ile mimi nilikuwa mtumwa kabisa, na mdomo wangu wote ule. Nikaachia spana ndani ya mkoba, nikasema, "Asante, baba."

Nisiwe mwongo, gari lilifanya kazi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeliendesha. Mara mbili lilimfikisha binti yangu hospitali amelala kwenye kiti kile, kichwa mapajani kwangu, na mara zote mbili alirudi akila miwa na kuniuliza lini atajifunza kuendesha. Baba alikuwa akilisimulia kanisani. Nikaanza kuamini kwamba labda pua ilinidanganya.

Mara ya tatu ilikuwa msimu wa mvua, mchana. Tulikuwa tunateremka kilima, tairi ikaingia kwenye mfereji uliokata barabara, na chini yetu kukasikika mlio kama wa gogo linalovunjika. Gari likazama katikati. Milango ikabana. Shemeji alitokea dirishani, nikampitishia mtoto humohumo. Chesisi ilikuwa imekatika pande zote mbili.

Tulikaa kwenye mvua mpaka bodaboda ya kwanza ikapita. Nikapanda nimempakata. Safari hii hakuning'ata. Aliniambia mara moja tu, "Mama, taratibu," na mimi nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Damu ya kundi lake ilikuwepo. Nesi alikuwa ameishika mkononi. Sisi ndio tuliochelewa.

Sikulia pale. Nililia nyumbani, nilipokuta daftari lake na maandishi yangu nyuma, yale ya boneti na moshi. Nilimchukia muuzaji, nikamchukia mzee, na usiku wake nikajua kwamba nawachukia wote wawili ili nisifike kwangu.

Wiki moja baada ya mazishi, gari likakokotwa mpaka uani. Baba alitoka ndani kwake, akavua koti, akalala chali kwenye matope, akaingia chini yake. Nilimwona akipapasa ile mihimili kwa vidole, taratibu, toka mbele kwenda nyuma. Palipokatika alipamegua kwa mkono, chuma kikatoka vipande kama muhogo mkavu. Alipotoka viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa kutu.

"Hata kwa vidole ningejua," akasema.

Akageuza uso kunitafuta, akaukuta upande nisiokuwapo.

"Mwanangu, siku ile Runazi. Ulijua kwamba sioni?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyabeba wiki nzima, na yangemmaliza.

"Sikujua, baba," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakukiomba. Nikaenda kumletea maji ya kunawa.