Somo la Kutia Mkono

Kazi iliyonichosha maishani si kushona, ni kuandaa masomo ya kushona kwa simu. Nimefundisha ubunifu wa mitindo hapa Garsen miaka mingi. Mwanafunzi akikosea nampokonya mkasi, namwonyesha, yamekwisha. Halafu likaja shirika moja likitaka kozi ya mtandaoni, ili wanawake wa vijijini wasome wakiwa kwao. Nikakubali kabla sijajua nimekubali nini.

Nilianza na video. Wanafunzi wakalalamika kwamba bando zinaisha kabla sijashika mkasi. Nikazifupisha, bado. Mwishowe nikazitupa zote, nikabaki na sauti yangu na picha mbili tatu. Hebu jaribu wewe kumweleza mtu mkato wa shingo kwa mdomo mtupu! Somo moja nililirekodi mara sita, na jogoo wa jirani akawika kila nilipofika penye maana.

Sheria nilitunga mwenyewe. Kila somo, mwanafunzi ashone kipande cha mfano, hata kwa sindano ya mkono, atume picha ndani ya siku saba. Asiyetuma masomo mawili mfululizo anatolewa, nafasi apewe mwingine. Atakayemaliza atapewa cherehani. Kwa wengi wao, cherehani hiyo ndiyo ilikuwa kozi yenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiorma, anakaa mbali na barabara. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya kola, nyuzi zimelala vizuri kuliko za mashine yangu. Nilimfurahia sana. Kisha kimya. Somo la pili hakutuma kitu, la tatu vilevile. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupenda sheria. Nikamtoa, na asubuhi hiyohiyo nikamwingiza mwingine.

Mchana ikaingia sauti ya mwanamume kwenye simu yangu.

"Salaam aleikum, mwalimu. Mimi ni bwana ya ile mama ya kola. Simu ni yangu, yeye hana. Jua imekuwa kali, nimeleta ng'ombe huku chini, karibu na Kilelengwani. Netwaki ni shida. Lakini masomo yote nimesikia, nimeshika kwa kichwa. Hii ya kutia mkono ya nguo: juu ya mkono ni kubwa kuliko tundu ya kwapa. Usivute. Kunja kidogo kidogo mpaka ikubali. Anza kwa bega, shuka. Nimesema sawa?"

Niliisikiliza mara mbili. Wanafunzi wangu wenye simu zao hawajawahi kulieleza somo hilo hivyo. Niliona haya, haya ya kweli.

Nikapigia shirika simu. Wakaniambia kwa upole kwamba jina jipya limeshaingia kwenye orodha ya cherehani na haliwezi kutolewa. Walisema ndivyo nilivyoandika mwenyewe kwenye sheria zangu.

Nikashika simu nimrekodie jibu. Nikamwambia amesema sawa kabisa, nikafika penye habari ya kumtoa mkewe, nikakwama, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Kabla sijatuma chochote, ukaingia ujumbe wake mwingine.

"Mwalimu, usisumbuke kujibu haraka, najua uko na kazi. Ng'ombe nimeachia ndugu yangu. Naenda nyumbani saa hii, siku mbili kwa miguu, nimwambie mama ya kola haya masomo kabla sijasahau."