Vikohozi vya Mshairi

Abdulwakil alikuwa akiwakatia abiria tiketi kwenye mabasi ya London kwa miaka kumi na mitatu, tangu alipohama Unguja baada ya Mapinduzi. Jioni alijifunza kuhariri filamu. Mwaka 1979 Lata, mtengenezaji filamu aliyezaliwa Unguja kwa baba Mbengali, akampa kazi yake ya kwanza ya uhariri: filamu ya kumuenzi mshairi mashuhuri wa Bengali, aliyefariki miezi michache baada ya kurekodiwa. Mwishoni mwa filamu jina la Abdulwakil lingetokea peke yake kwenye ubao. Mkewe alikwisha kuwatangazia watu wote wa Woolwich.

Siku aliyokuja binti wa mshairi, Bi Madhu, kuitazama kwenye chumba cha kuhariria, Abdulwakil hakutulia kitini. Bila saini ya mama huyo televisheni isingeipokea. Akafuta meza iliyokwisha kufutwa, akachungulia dirishani barabara ya Kilburn, akarudi, akafuta tena.

"Kaa basi, kaka," Lata alimwambia. "Utanitia kizunguzungu."

Filamu ikapita. Mzee alisoma mashairi yake sauti ikitiririka, bila kukwama popote. Bi Madhu akasema jambo kwa Kibengali.

"Anauliza huyu ni nani," Lata alitafsiri. "Baba yake alikuwa na pumu. Hajapata kumsikia akisoma hivi."

Abdulwakil alisogea mbele. Mtaani kwao Unguja, msomaji akikohoa katikati ya ubeti vijana humzomea wiki nzima. Kwa hiyo alikuwa amekata kila kikohozi.

"Mwambie ni mimi. Nilimsitiri mzee wa watu."

"Amsitiri na nini?" aliuliza Bi Madhu kupitia kwa Lata. "Na pumzi yake?"

Vile vipande alivyovikata alikuwa amevihifadhi, kila kimoja na namba yake. Akaviunganisha, akaviendesha kwenye mashine: kikohozi, kiti kikilia, kikohozi kirefu zaidi. Bi Madhu akaanza kucheka. Kisha mzee akakwama, akatamka maneno mawili, na mkono wa mwanamke ukaingia kwenye picha na gilasi ya maji. Kicheko kikakatika.

"Ananiita mimi. Huo mkono wangu," alisema. "Vingine basi. Hiki kirudi, nitatia saini."

Kilikuwa cha sekunde tisa. Televisheni haikuruhusu hata moja ya ziada, na filamu ilitakiwa kesho asubuhi.

"Tutoe ile picha ya mto unaotiririka," alisema Lata.

"Sauti ya mzee akisoma imo juu ya picha hiyo."

Wakatafuta saa nzima. Abdulwakil alizunguka meza, akatoka ngazini, akarudi. Alikijua kipande cha kutoa tangu mwanzo, ila alitumaini Lata atakiona kingine. Hakukiona. Akakivuta cha mwisho, chenye jina lake, sekunde tisa kamili, akakikata.

"Kaka! Jina lako hilo! Tutengeneze upya ubao wa majina mengine, tulitie na lako."

"Huo utachukua siku tatu. Gundi ya kuungia iko wapi?"

Bi Madhu alitia saini bila kujua kilichokatwa. Abdulwakil alimkataza Lata kumwambia, kisha njia nzima ndani ya basi akajuta kumkataza.

"Jina halitakuwapo," alimwambia mkewe kabla ya kuvua koti.

"Mtume! Na watu niliowaalika?"

"Waje. Utawaonyesha pale mzee anapokohoa."

"Niwaambie nini? Mume wangu ndiye kikohozi?"

Abdulwakil akavua koti. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.