Kitabu cha Murugi, Bila Damu

Kanisani kwetu Mukurweini, msichana akiolewa hupewa sufuria, blanketi na kitabu cha Murugi. Changu ninacho bado, na nakichukia.

Murugi mwenyewe simchukii, tumeimba kwaya pamoja miaka mingi. Alikuwa muuguzi wa zahanati, na alipostaafu akaandika juu ya mambo aliyoyajua: mwili wa mwanamke na kazi za nyumba. Sura ya mwili ndiyo aliyoitaka hasa. Habari za kupiga deki na kuhifadhi maziwa aliziongeza ili wazee wa kanisa wakubali kulipia uchapishaji kule Nyeri.

Wakakubali nusu. Gatimu, mwenyekiti wa kamati, alimrudishia karatasi amezishika kwa ncha za vidole, utadhani zinanuka.

"Mama Mugo, hii kitabu itasomwa mpaka na watoto wa Sande skuli. Hii maneno ya damu, ati mabonge, toa. Hiyo ingine ni mzuri sana."

"Mzee, hiyo damu ndiyo inaua wamama."

"Si wataambiwa na daktari?"

Murugi akaitoa sura ile. Alijiambia afadhali nusu, toleo la pili atairudisha. Likaja la pili, likaja la tatu, na Gatimu bado mwenyekiti. Mwenzetu Murugi akageuka mtu wa kualikwa huku na kule kufundisha maharusi kupanga kabati. Alikuwa akirudi na keki na hasira.

Kagure, mke wa mwanawe Mugo, alikijua kitabu kile kuliko Biblia. Mwaka jana alijifungua mtoto wa kike, akaruhusiwa kutoka hospitali, nasi akina mama tukapanga kwenda kumwona mtoto. Asubuhi ya siku hiyo Murugi alikuwa Murang'a na maharusi wake. Mugo alimkuta mkewe akipiga deki sebuleni.

"Wacha hiyo, si ulale kidogo?"

"Wageni waingie kwa mwenye kitabu wapate nyumba iko hivi? Enda ulete maziwa."

Kitabu kilisema wageni wa mtoto wakute sakafu safi. Kilisema pia vitambaa vya mwanamke visionekane na mtu. Basi Kagure alivifua vyake na kuvificha, kimoja baada ya kingine, vimelowa damu, akidhani ndivyo inavyokuwa. Angejuaje vingine? Tulipofika na uji tulimkuta ameanguka karibu na ndoo. Alitufia njiani kwenda hospitali.

Kwenye mazishi Gatimu alisimama akasoma ukurasa wa usafi, akamsifu marehemu kwa nyumba yake iliyong'aa. Nilitamani ardhi immeze yeye. Murugi akainuka, akamnyang'anya maikrofoni.

"Damu ikilowesha pamba kabla ya saa moja kuisha," alisema, "ikitoka na mabonge, kichwa kikizunguka, acha kazi. Piga kelele. Upelekwe hospitali..."

Gatimu akatoa ishara, spika zikazimwa. Murugi hakunyamaza. Aliisema sura nzima kwa kichwa, akiliangalia jeneza. Sisi wa mbele tulisikia kila neno. Wale wa nyuma, chini ya hema, waliona tu mama mkwe anayelia na kusema peke yake. Walidhani anaomba, na alipomaliza wakaitikia kwa pamoja, "Amina."