Maziwa ya Mbuzi Aliyeharibu Mimba

Naogopa mbuzi. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, kazini na nyumbani, kwa kuwa ndilo jambo la mwisho ambalo mtafiti wa uzazi wa mifugo angetaka lijulikane. Mchana nafanya kazi hiyo. Jioni naandika makala yanayosomwa na marafiki zangu, wakipata nafasi. Shahada yangu ya pili ni ya mimba za farasi, mnyama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfunga mlangoni kwetu, mtaani Makongeni. Ndiyo maana kaka yangu huniita dokta wa farasi.

Pembe hazinitishi. Kinachonitisha ni vile mbuzi anavyoweza kuharibu mimba asubuhi, na kufikia saa sita anatafuna maganda ya viazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama yangu amefuga mbuzi nyuma ya nyumba tuliyopewa na shirika la reli, tangu baba alipokuwa hai. Mwaka huu mmoja aliharibu mimba ikiwa karibu kutimia. Mama alimsaidia kwa mikono mitupu, akazika kile kilichotoka karibu na shina la mgomba, akanawa, akaenda kanisani. Hayo nilisimuliwa kwa simu, kati ya habari za mazishi ya jirani na bei ya mafuta ya kupikia. Wiki chache baadaye, wa pili naye akaharibu. Mama alisema ni baridi. Mimi sikufikiri habari ya baridi hata kidogo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Niliwakuta mezani: mama, kaka yangu, na mkewe, wifi yangu, mwenye mimba yao ya kwanza baada ya miaka ya kungoja. Mbele ya wifi palikuwa na kikombe cha dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mnyama aliyetoka kuzaa. Kwetu dang'a haichemshwi. Kikombe huwekwa ndani ya sufuria ya maji moto mpaka maziwa yaanze kushikana tu, kisha hupewa mtu anayehitaji nguvu. Nikauliza ni ya mbuzi yupi, ingawa nilishajua; hakuna mbuzi aliyekuwa amezaa salama.

"Mtoto wake hakuyanywa," mama alisema. "Acha huyu ayanywe."

Nilieleza. Nilisema kuna ugonjwa unaoharibu mimba za mbuzi, na kwamba huwapata watu pia, ukipita kwenye maziwa mabichi na kwenye mikono iliyomzalisha mnyama. Nilisema kwa sauti ile ninayoitumia kwenye semina, na nilipoisikia nikajichukia. Nikaomba maziwa yachemshwe angalau.

"Ukiyachemsha unayaua," mama akajibu.

"Ndiyo nia yangu, Mama."

Kaka yangu akacheka. "Sista, wewe ni wa farasi. Hapa unaona farasi?"

Mama hakucheka. Alifuta meza mahali palipokuwa safi tayari. "Maziwa ya hao mbuzi ndiyo yaliyokusomesha," alisema.

Wifi alitutazama mmoja mmoja. Yeye ni mke wa nyumba hiyo. Angekikataa kikombe cha mama mkwe mbele ya nani? Alikunywa polepole, akafuta mdomo, akashukuru. Kikombe hakikuwa cha kwanza. Mama aliniambia hivyo kwa fahari, kwamba tangu mbuzi wa kwanza aharibu mimba alikuwa akimwekea.

Kabla ya kuondoka nilitoa damu ya wale mbuzi. Kaka aliwashika, kwa kuwa mimi nilisimama mbali nao kadiri sindano ilivyoruhusu, na hakuacha kunitania. Chini ya mgomba palikuwa pamefukuliwa na mbwa. Nilimwona mama amepaona pia, naye akasukuma udongo kwa kandambili yake.

Mlangoni wifi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba jioni mwili humchemka na viungo humuuma, kisha asubuhi anaamka mzima. Alikuwa akinywa dawa za malaria. Nilimsihi aende kliniki kesho yake, ataje mbuzi, ataje maziwa. Akashika tumbo, akatabasamu. "Anacheza, wifi. Hata sasa hivi anacheza."

Jumatatu nilipeleka damu maabara, nikamwomba mwenzangu anipigie mara tu atakapopata jibu. Jumanne wifi hakwenda kliniki; kulikuwa na wageni. Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, simu ikalia, nikaichukua nikiwa tayari na kalamu.

Haikuwa maabara. Alikuwa kaka yangu, ambaye kwa kawaida hutuma ujumbe wa kuomba apigiwe. Nilisikia mama nyuma yake akiomba kwa sauti. Hakuniita dokta wa farasi.

"Dada," alisema, "tangu jana jioni mtoto hachezi."